Hapo Palikuwa na Ukungu

Ukiingia nyumba ya mtu Embu au Meru, chakula hakitangulii. Inatangulia albamu. Unaketishwa kwenye kochi lenye vitambaa vya kufuma, unawekewa jitabu la picha mapajani, kisha wenyeji wanatoweka jikoni, na baada ya muda unasikia kuku akikimbizwa nyuma ya nyumba. Kazi ya albamu ni kukushikilia hapo mpaka kuku ashikwe, achinjwe, aive. Kuku wa kienyeji haivi upesi, ndiyo maana albamu za kwetu ni nene.

Mgeni haachwi peke yake na albamu, asije akaanza kuwaza. Hupewa mtoto wa kumwongoza, na kwetu mtoto huyo nilikuwa mimi. Mama alinifunza maelezo ya kila picha, nami nikayajua kuliko jedwali la kuzidisha. Yalikuwa mafupi, yenye heshima, na mengi yake hayakuwa ya kweli. Usimwone mama kuwa mwongo. Picha siku hizo ilikuwa na gharama yake, na mama hakuona jinsi kitu alichokilipia kingeruhusiwa kumwaibisha mbele ya wageni.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa baba. Kijana, koti jeusi, tai, sikio limebanwa na mkono wa simu, macho yanaangalia mbali kama ya mtu anayepokea habari za soko la kahawa la dunia. Maelezo: "Hapo baba alikuwa akifanya kazi ofisini."

Baba hajawahi kufanya kazi ofisini. Alikuwa ameshuka Meru mjini kutoka upande wa Nkubu siku ya malipo ya kahawa, akaingia studio. Koti lilikuwa la studio. Lilikuwa moja tu, la mtu mnene, na kila mteja alilivaa. Aliyekuwa mwembamba alibanwa mgongoni kwa vibanio vya kuanikia nguo, kwa sababu kamera haikuona mgongo. Tai ilikuwa imefungwa tayari, ina lastiki. Saa ya ukutani ilisimama saa nne na robo mwaka mzima, maua yalikuwa ya plastiki, na simu ilikatwa waya zamani sana. Picha inaishia kiunoni kwa sababu chini ya hapo kulikuwa na gambuti na udongo mwekundu wa shambani.

Miaka ikapita. Dada yangu akapata mchumba wa Meru, na wazee wa upande wao wakaja Embu kuzungumza mahari. Mambo hayakuanza vizuri. Walichelewa, chai ilikuwa imepoa ikarudishwa jikoni mara kadhaa, na msemaji wao alikuwa mzee mmoja mkavu aliyesema kwa mafumbo hata alipouliza choo kiko wapi. Mama, kwa mazoea, akampa albamu. Mzee akafungua ukurasa wa kwanza, akavaa miwani, akaivua, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akaingiza mkono kwenye koti lake, akatoa pochi, na ndani ya pochi akatoa kipicha kilichokunjika pembe.

Koti lile lile. Kifungo cha pili kimeshonwa kwa uzi mweupe kwenye picha zote mbili. Saa nne na robo. Simu ile ile, sikio lile lile la kushoto.

Chumba kizima kikanyamaza. Mzee akamgeukia baba: "Wewe ulikuwa ukiongea na nani?"

Baba akafikiri kidogo. "Labda na wewe."

Nimehudhuria shughuli nyingi za mahari na sijaona nyingine iliyokwisha upesi vile. Mbuzi walipunguzwa bila kuombwa. Aliyeumia ni mama, maana wageni walipoondoka alibaki na picha ya ofisini ambayo haikuwa na ofisi tena.

Ukurasa wa nne kuna picha ya safari. Barabara ya Embu kwenda Meru hupita Runyenjes, ikavuka mto Thuci, ikapanda Chuka, ikashuka kwenye daraja la Nithi ambapo abiria wote huacha kuongea, ikapanda tena kuelekea Chogoria na Nkubu. Ukikaribia mji wa Meru kuna kibao kinachokuambia kuwa hapo ndipo Ikweta inapopita. Baba hakuweza kupita kibao hicho bila kusimama. Siku hiyo jamaa wa pande zote mbili, wa baba wa Meru na wa mama wa Embu, walikuwa kwenye gari moja la kukodi, na baba akapata wazo: watu wa Meru wasimame kaskazini mwa mstari, watu wa Embu kusini, picha ipigwe.

Ubishi ukaanza hapo hapo. Watu wa baba wakasema kaskazini ndiyo juu. Mama, ambaye alikuwa mwalimu na huwa hasahau kitu alichofundisha, akawajibu kuwa mlima wenyewe uko upande wa Embu. Na kweli, Ikweta hukata miteremko ya kaskazini ya Mlima Kenya, lakini kilele cha Batian, mita 5,199, kiko kusini mwa mstari. Mjomba wa baba akasema hiyo ni ramani ya Waingereza. Watoto tulikuwa tukiruka mstari huku na huku tukisubiri kuhisi kitu. (Kule Nanyuki wapo vijana wenye beseni wanaokuonyesha maji yakizunguka upande huu kaskazini na upande ule kusini. Ni ujuzi wa kumimina tu. Beseni ni dogo mno kwa dunia kulishughulikia.)

Kwa kuwa kila mtu alitaka kuonekana, kamera akapewa dereva. Zile kamera ndogo za wakati huo zilikuwa na tundu la kuchungulia juu, na lenzi chini yake. Jicho liliona njia moja, filamu ikaona nyingine. Dereva alichungulia, akaona watu wote wazuri, akabonyeza. Kidole chake kilikuwa kimelala juu ya lenzi. Picha ilipooshwa, Embu nzima ilikuwa pale, meno yote, hadi nyanya yetu, tuliyemwita shosho, na kikapu chake cha ndizi. Kaskazini ya dunia ilikuwa wingu moja la rangi ya nyama, na pembeni ya wingu unaona kiatu kimoja cha mjomba wa baba.

Mjomba hakuamini hata siku moja kuwa ni bahati mbaya. Dereva alikuwa mtu wa Runyenjes, upande wa Embu. Maelezo ya mama: "Hapo ni Meru. Palikuwa na ukungu."

Sasa tufike kwenye harusi. Mjomba wangu, ndugu mdogo wa mama, alioa miaka ya 1980, na albamu ina kurasa tatu za siku hiyo. Ukizitazama kwa makini utaona watu zaidi ya arobaini, keki ya ghorofa, wasimamizi, watoto wa maua. Tunaowafahamu ni wawili tu, bwana harusi na bi harusi.

Ilitokea hivi. Filamu ya kamera za zamani ilikuwa na ulimi. Ulimi huo ulichomekwa kwenye mhimili upande wa kulia, na meno madogo yakashika matundu ya pembeni ili kila ukivuta wenzo filamu isogee. Ulimi ukichomoka, wenzo huvutika vilevile, mlio husikika vilevile, na namba juu ya kamera huhesabu moja, mbili, tatu mpaka thelathini na sita kwa furaha tele, huku filamu imelala ndani ya kopo lake haijui kuna harusi. Mpiga picha mwenye uzoefu huangalia kifundo cha kushoto. Kisipozunguka, hakuna kinachosogea. Mpiga picha wetu alikuwa akiangalia sahani za pilau.

Alikuja Jumatano, uso mrefu, akasema mtu alifungua mlango wa chumba cha giza na mwanga ukaichoma filamu. Bahati yake mbaya, mjomba ni fundi wa saa na hashindwi na kitu kidogo. Akaomba kuiona hiyo filamu. Akaiinua dirishani. "Ingechomwa na mwanga ingekuwa nyeusi," akasema. "Hii haina doa. Hii haijawahi kuona mwanga tangu izaliwe." Mpiga picha akakubali kurudia kazi bure, na akaomba maji ya kunywa.

Kurudia ni neno rahisi. Gauni lilikuwa la kukodi, na Jumamosi iliyofuata lilikuwa limeshachukuliwa kwa harusi nyingine, Chuka. Mke wa mjomba alisema hataishi kwenye ndoa isiyo na picha, maana nani atajua. Basi wakalifuata gauni. Walipanda matatu mjomba akiwa na suti yake ndani ya mfuko wa mbolea, mpiga picha nyuma yao, wakafika Chuka, wakaketi kwa adabu kwenye harusi ya watu wasiowajua, wakala, hata wakatoa zawadi. Jioni, wenye harusi walipoelezwa shida, walicheka mpaka wakakaa chini, na bi harusi wa pale, mtu wa moyo safi, akaingia nyumbani akavua gauni. Likamfikia mke wa mjomba bado lina joto.

Basi watu wale wa nyuma ni wa Chuka. Keki ni ya Chuka, imeshakatwa upande mmoja, na mpiga picha aliigeuza ili kidonda kisionekane. Yule mzee anayemkumbatia mjomba kwa machozi hatujui ni nani. Alikuwa amekunywa na alidhani ni mtoto wake. Maelezo rasmi: "Hao ni watu wa upande wa bwana harusi." Mgeni wa upande wa bwana harusi akiwepo, nilifunzwa kusema ni watu wa upande wa bi harusi.

Picha za ukutani sikuhusika nazo sana. Kulikuwa na Rais Moi, ambaye kuanzia 1978 hadi 2002 usingeingia duka lisilokuwa na picha yake, na baba hakuona sababu ya nyumba kuwa tofauti na duka. Alitundikwa karibu na watu wetu, na siku moja mtoto mgeni akauliza ana undugu gani nasi. Mama hakuwa na jibu lililoandaliwa. Akasema, "Huyo ni mtu wa Baringo."

Ila picha moja ya ukutani inanihusu, nayo ni ya shosho. Mumewe hakuacha sura yoyote. Kizazi chake kilianza na kipande, ile karatasi ambayo serikali ya kikoloni iliwalazimisha wanaume Waafrika kuibeba tangu 1919, mara nyingi ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inizwa shingoni; alama za vidole zilitosha, uso haukuhitajika. Wanawake hawakusajiliwa kabisa mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 1978. Shosho aliitwa kambi ya chifu akiwa mtu mzima mwenye wajukuu, akaketishwa mbele ya shuka, na karani kijana akamwamuru avue kitambaa cha kichwa. Alikivua. Alimtazama karani yule kwa jicho ambalo sisi tulilijua na kulikimbia. Hapo ndipo kamera ikabonyezwa.

Ndiyo picha pekee aliyowahi kupigwa peke yake. Kwa hiyo alipofariki, shangazi zangu walibeba kitambulisho mpaka studio moja Embu mjini yenye kompyuta, watengenezewe picha ya programu ya mazishi. Kijana wa kompyuta akauliza, "Mnamtaka na suti au na kitenge?" Wakapekua miili aliyokuwa nayo humo ndani, wakabishana, wakachagua suti ya zambarau yenye vifungo vya dhahabu. Mkoba ulikuja pamoja na suti, na mikono ya kuushika ilikuja pamoja na mkoba, myororo, kucha zimepakwa rangi. Shosho alichimba viazi maisha yake yote. Nyuma yake kijana akaweka maporomoko ya maji, hayakuombwa, yalikuwa ya bure. Juu ya hayo yote ukakaa ule uso wa kambi ya chifu, bila kitambaa, umekasirika vilevile.

Siku ya mazishi programu ziligawiwa, na kwanza watu wakadhani kuna maiti wawili. Mzee mmoja wa kanisa akasimama kutoa pole kwa familia "na pia kwa mama huyu wa Nairobi." Shangazi mkubwa akajifunika uso kwa leso; waliokuwa mbali walidhani analia.

Dada wa shosho ndiye hakushangaa. Aliitazama picha muda mrefu, akaigeuza, akaitazama tena, akamnong'oneza mama ampatie nakala nyingine ambayo haijakunjwa. Mama akaona ni majonzi, akampa mbili. Wiki iliyofuata tukasikia amezipeleka kwa fundi wa nguo Runyenjes, ameweka kidole juu ya suti na kusema anataka kama hiyo, na maporomoko ayaache. Krismasi aliivaa. Fundi alijitahidi, zambarau ni ile ile kabisa, ila vifungo vya dhahabu alivikosa akaweka vyeusi, na mpaka leo hajalipwa baki yake kwa ajili ya vifungo hivyo.