Mjomba Avuta Jiko la Pili

Uingereza moto hauonekani. Uko ndani ya sanduku jeupe lililotundikwa jikoni, liitwalo boila, linalochoma gesi na kusukuma maji ya moto kwenye mabomba hadi kwenye rejeta za kila chumba. Bosi wake ni thamostati, kidude kisichozidi kiganja, kilichobandikwa ukutani sebuleni. Ukikipa digrii 20, sebule ikifika 20 kinaizima boila, ikipoa kinaiwasha tena.

Mjomba hajawahi kuupenda moto huo. Mtu wa Pangani, aliyekulia pembeni ya mafiga, ataota vipi bati? Lakini kilichomsukuma hasa ni bili. Gesi ilipopanda mwaka 2022, bili aliisoma amesimama, akaisoma tena amekaa, kisha akampa Mkaza Mjomba, labda macho yake yataona tarakimu ndogo zaidi. Hayakuona. Majira hayohayo jirani akaangusha mti wake mkubwa, akatangaza kuni bure kwa atakayezibeba. Mjomba akaona riziki imemfuata mlangoni.

Akatangaza anavuta jiko la pili: la chuma, la kuni, lenye tangi la maji mgongoni. Maji yake yataunganishwa na mabomba yaleyale ya gesi, kuni zifanye kazi, gesi ipumzike.

Fundi akaitwa. Aliitazama boila, akachungulia dohani, akaomba chai. Kwa ninavyowajua mafundi wa Leicester, anayeomba chai kabla ya kutaja bei ana habari mbaya.

Gesi inasikia amri, akasema, lakini gogo likishashika moto halina swichi. Umeme ukikatika pampu inasimama, maji yaliyo mgongoni mwa jiko hayana pa kwenda, na moto uko palepale. Yatachemka. Boila yetu imefungwa pande zote, vali yake ya usalama hufunguka presha ikifika bar 3, na haikutengenezwa kwa ajili ya moto usiozimika. Jiko la aina hiyo linataka bomba la wazi lipande hadi tangi la darini, mvuke upate pa kutokea. Linataka rejeta moja isiyo na vali, ambayo maji huizunguka yenyewe bila pampu, kwani ya moto hupanda na ya baridi hushuka. Halafu katikati liwekwe tangi kubwa la kuhifadhi joto: jiko lilipashe kwa upande wake, boila kwa upande wake, na wenyewe wasikutane ana kwa ana.

“Ndiyo wake wenza hao,” akasema Mkaza Mjomba kwa Kiswahili, huku akimwongezea fundi chai. “Anayetaka wawili ajenge nyumba mbili.”

Fundi akatabasamu, maana hakuelewa. Kisha akataja bei, na Mjomba naye akatabasamu, maana alielewa.

Mwisho likaja jiko la kawaida, lisilo na tangi wala uhusiano wowote na mabomba. Likafungwa na mtu mwenye cheti, likawekewa king'ora cha kaboni monoksidi kama sheria inavyotaka. Moshi huku una sheria zake. Desemba 1952 ukungu uliochanganyika na moshi wa makaa ya mawe uliifunika London siku tano na kuua maelfu ya watu, ndipo mwaka 1956 ikapitishwa sheria ya hewa safi. Hata kuni zinazouzwa kwa mafungu madogo, tangu 2021, hazitakiwi kuwa na unyevu wa zaidi ya asilimia 20.

Kuni za jirani zilikuwa mti wiki iliyotangulia. Ukizitia motoni zinapiga mluzi, zinatoa povu kwenye ncha, na kioo cha jiko kinakuwa cheusi tii. Nilimkumbusha Mjomba kwamba zinapaswa kukaa mwaka, pengine miwili, zikauke. “Wewe uliyezaliwa na gesi,” akaniambia, “utanifundisha mimi kuwasha moto?” Jirani akaja kuuliza, kwa upole ule wa Kiingereza unaotisha kuliko matusi, kama nyumbani kwetu mambo ni salama. Mjomba akanunua kuni kavu, dukani, kwa pesa.

Nazo ziliwaka! Sebule ikawa kama Tanga mwezi wa pili. Mjomba akabaki na singlendi, Mkaza Mjomba akatafuta kipepeo. Thamostati pale ukutani ikaona digrii 26, ikajua nyumba nzima imeshiba, ikaizima boila.

Mimi nakaa ghorofani.

Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya digrii 24 hivi. Chupa ya Mkaza Mjomba, juu ya rafu karibu na jiko, ilikuwa maji matupu, ukiitikisa inacheza. Yangu ilikuwa nyeupe kama mshumaa, nikiyachokonoa kwa mpini wa kijiko, nikisikia kicheko cha watu wanaojipepea kikipanda kutoka chini. Nilipolalamika, Mjomba akaipandisha thamostati hadi 30. Boila ikanguruma, kuni zikawaka, na kwa mara ya kwanza tukalipia mioto miwili kwa wakati mmoja. Bili ya mwezi huo sikuonyeshwa.

Fundi aliporudi alitibu kwa njia rahisi: akaifunga vali ya rejeta ya sebuleni, akatuletea thamostati isiyo na waya, ikae korido ya juu. Sijui kwa nini hakufikiria kwamba kitu kisicho na waya kina miguu. Mjomba anayebana matumizi huishusha karibu na jiko, gesi ikazimika. Mimi huirudisha koridoni. Mkaza Mjomba, alipochoka na ugomvi, aliichukua akaifunga kwenye pindo la kanga, pale anapoweka hela, na hapo hakuna mwenye ubavu wa kuigusa. Tatizo ni kwamba kiunoni mwa mtu hapapoi. Boila haiwaki mpaka atoke nje kwenye baridi na kukawia kidogo.

Siku hizi kila jioni huwa mwepesi kumkumbusha kwamba pipa la taka limejaa.