Matatu ya Sebuleni

Eldoret ilipokabidhiwa hati ya kuwa jiji tarehe 15 Agosti 2024, la tano nchini Kenya, wenzangu walishangilia. Mimi nilipiga makofi mawili nikaketi. Nyumba yetu ya kupanga kule Kapsoya ilikuwa jiji kitambo: msongamano koridoni, ving'ora jikoni, na wakazi wawili wasiolipa kodi wala kutii amri. Mkubwa ana miaka mitatu. Mdogo hajatimiza miwili, ila mapafu yake yangefaa kupelekwa Iten kwa wanariadha yakapimwe.

Tatizo la masikio yangu ni kwamba yanasikia. Mtu akitafuna karoti upande wa pili wa meza, nakunja vidole vya miguu. Kijiko kikikwaruza sufuria, meno yanakufa ganzi. Mwaka 2001 wanasayansi wawili, Margaret na Pawel Jastreboff, waliipa hali ya kuchukizwa hivi na sauti jina la misofonia. Mamangu alikuwa ameigundua miaka mingi kabla yao, na dawa yake ilikuwa kuniambia niache maringo nile.

Sasa, mtu wa masikio haya akaenda akawa mwalimu. Ajabu ni kwamba kazini sina shida. Darasa zima la wavulana wa kidato cha pili likisikia viatu vyangu koridoni, linanyamaza ghafla, hata kalamu ikianguka utaisikia. Nyumbani mambo ni kinyume. Wale wawili huwa wametulia tuli mpaka wasikie komeo la geti. Hapo ndipo kelele huanza, na mama yao huapa kwamba mchana kutwa walikuwa malaika.

Sheria iko upande wangu. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009, ambazo wasimamizi wake ni mamlaka ya mazingira, NEMA, zinasema ndani ya nyumba ya makazi sauti isizidi desibeli 45 mchana na 35 usiku, na usiku wao huanza saa mbili jioni. Basi siku moja niliweka simu mezani, nikafungua programu ya kupima sauti, nikasubiri. Sikusubiri sana. Mdogo alinyang'anywa rimoti, na namba zikapanda mbio hadi 95. Nikachukua kalamu. Desibeli hazihesabiwi kama shilingi: kila unapopanda kumi, nguvu ya sauti imezidishwa mara kumi. Kutoka 45 hadi 95 ni mara laki moja. Nikamwonyesha mke wangu hesabu yenyewe, nikitarajia huruma.

"Basi waripoti," alisema, huku akikunja nguo. "Wakija kuwachukua, kumbuka kuwapa na nepi."

Mkosaji mkuu wa kesi hii, hata hivyo, hakuwa mtoto. Alikuwa gogo, mama mkwe wangu, mwanamke mwenye roho nzuri kupita kiasi. Alikuja kututembelea na kibuyu cha maziwa ya mursik begani, na ndani ya kikapu chake viatu vidogo vya rangi ya waridi, vile vyenye filimbi kisiginoni. Mzazi yeyote wa Kenya anavijua. Hatua moja, chwii. Hatua ya pili, chwii. Mdogo alipogundua kwamba ni miguu yake inayotoa sauti ile, aliacha kutembea akaanza kurukaruka.

Nilivumilia hadi gogo alipopanda gari la kurudi kwake. Usiku, nyumba ikiwa imelala, nilichukua kisu cha kumenyea viazi nikafanya upasuaji. Ukiinua soli ya ndani utakuta kidude cha plastiki, duara, kimebanwa kwenye kisigino. Ukikibinya kinalia, ukikiachia kinavuta pumzi. Nilivitoa vyote viwili, nikavitupa shimoni nyuma ya nyumba, nikalala usingizi wa haki.

Asubuhi Mdogo alivaa, akapiga hatua moja. Kimya. Akapiga nyingine kwa nguvu zaidi. Kimya. Akaketi sakafuni, akavua kiatu, akakitikisa sikioni, kisha akanitazama na kutangaza kwa sauti iliyofika kwa majirani: "Imekufa!" Kilio kilichofuata kilifanya filimbi zile zionekane dua. Mkubwa, kwa kumhurumia mdogo wake, akalia pia. Kwa wiki nzima nyumba yetu ilikuwa na matanga ya viatu, na gogo alipopiga simu kuuliza kama vinamtosha, alipewa habari ya msiba moja kwa moja na mfiwa.

Mwili wenyewe ulitengenezwa kunisaliti. Mfereji wa sikio la binadamu hukuza zaidi sauti zilizo kati ya hezi 2,000 na 5,000, na hapo hapo ndipo kilio cha mtoto kinapochomea. Mtoto aliyepuuzwa porini zamani hakubaki kusimulia. Tuliobaki ni uzao wa wale ambao wazazi wao hawakuweza kuendelea kulala.

Ongeza mvua ya Eldoret. Msimu wake ukifika, mawingu hukusanyika baada ya chakula cha mchana, na mvua inapogonga mabati hakuna mtu wa kuzungumza na mwenzake. Mke wangu anaongeza sauti ya televisheni ili asikie habari. Mkubwa anapaza sauti ili aishinde televisheni. Mdogo anapaza yake ili amshinde Mkubwa. Mimi nawafokea wote wanyamaze, na kwa kufanya hivyo naongoza kwa alama. Daktari Mfaransa, Étienne Lombard, alieleza jambo hili mwaka 1911: mtu akizungukwa na kelele hupandisha sauti yake bila kujua. Dawa nafuu ni kuzima televisheni kwanza, kabla ya kumzima mtoto yeyote.

Dawa nyingine nazo nimezijaribu. Sakafu ya vigae na kuta tupu hurudisha sauti zote zilizozirukia, kwa hiyo nilinunua zulia na mapazia mazito, na mwangwi ukapungua kweli. Nilikata patipati kuukuu vipande vipande, nikavigandisha chini ya miguu ya viti kwa gundi. Nilinunua vizibo vya masikio vya sponji kwenye duka la dawa. Kimoja nilikikuta puani mwa Mdogo, bahati nzuri mkia wake ukiwa bado nje. Alfajiri nilianza kukimbia. Katika mji huu mtu akikimbia gizani hakuna anayemuuliza anatoroka nini; wanariadha walinipita mmoja mmoja, kimya kimya, wakinipungia mkono wa kunitia moyo.

Lakini kilichonisaidia hasa ni matatu.

Jioni moja niliwakuta wamevipanga viti vya plastiki katikati ya sebule, safu mbili. Mdogo alikuwa kiti cha mbele ameshika mfuniko wa sufuria, anapiga honi kwa mdomo. Mkubwa alikuwa ananing'inia mlangoni, yaani kwenye mkono wa kochi, akiita: "Langas! Langas! Beba, beba! Mzee, ingia, tunatoka!"

Nilikuwa na rundo la madaftari ya kusahihisha. Niliingia, kwa kuwa njia ya kufika mezani ilipitia ndani ya gari.

"Ni pesa ngapi?" niliuliza.

"Hamsini."

"Jana si ilikuwa thelathini?"

Akanyoosha kidole dirishani, kwenye anga isiyo na wingu. "Mvua."

Nililipa kwa kizibo cha soda, nikanyimwa chenji. Honi ililia, utingo akapiga bati, yaani kabati la vyombo, na gari likaondoka kwa kishindo. Kipimo cha NEMA kilikuwa kimevunjwa vibaya sana, lakini meno yangu hayakufa ganzi. Nilikuwa abiria. Nilijua honi italia lini na kwa nini.

Wanasaikolojia wa Marekani, David Glass na Jerome Singer, walichapisha mwaka 1972 majaribio ambayo ningependa yasomwe kwenye kila kliniki ya wajawazito. Waliwafungulia watu kelele za kuudhi, na baadhi yao wakawapa kitufe cha kuzizima, ila wakawaomba wasikibonyeze isipokuwa wamezidiwa. Wengi hawakukigusa. Hata hivyo, kelele zilipokwisha, wenye kitufe walikuwa na subira zaidi na mafumbo magumu, na walipopewa maandishi ya kusahihisha waliona makosa mengi kuliko wenzao. Kelele zilikuwa zile zile. Kilichowapa nafuu ni kujua kwamba wana uwezo wa kusema basi.

Tangu hapo nikaanza kutafuta kitufe changu. Sasa matatu yetu ina ratiba: inaingia barabarani nikishakunywa chai, na chakula kikiiva inalala stendi. Kabla ya safari natangaziwa, nikishindwa kukaa najitoa kwenda uani. Na kwa dharura nimejiajiri kuwa askari wa trafiki. Nikisimama mbele ya gari na kuinua mkono, sheria ni kwamba dereva azime injini na utingo afunge mdomo mpaka nimalize ukaguzi. Mara ya kwanza nilipouinua mkono ule, sebule ilitulia hivi kwamba mke wangu alikuja mbio kutoka jikoni kuangalia ni nani ameumia.

Nilizunguka gari polepole, mikono mgongoni. Nikakagua matairi. Nikamuuliza dereva leseni, akanionyesha ulimi. Nilikuwa nimeanza kufurahia kazi yangu, na nilipanga ukaguzi uchukue muda wa kusahihisha daftari mbili tatu, pale Mkubwa aliposhuka, akatazama kulia na kushoto, akanishika mkono na kunikandamizia kitu kiganjani. Kilikuwa nusu ya biskuti, imelowa mate.

"Chai ya afande," alininong'oneza.

Niliila. Gari likaondoka, honi juu, na abiria wakiwa wamezidi.