Bomba Rahisi, Ukuta Ghali

Mtu asikudanganye kwamba kubadilisha mabomba ya maji nyumbani ni kazi ya mabomba. Bomba lenyewe ndilo la bei poa kuliko vyote, na hapo ndipo waungwana wengi tunapoingizwa mjini. Unapita duka la vifaa vya ujenzi, unaulizia bomba la PPR la nusu inchi, lile la plastiki la kijani au jeupe lenye urefu wa mita 4. Unatajiwa bei, unapiga hesabu ya nyumba nzima kichwani, unatoka dukani kifua mbele. Kumbe shughuli hata haijaanza.

Nyumba yetu iko Sinza, tumeirithi kwa wazee. Imejengwa kwenye vile viwanja vya mradi vya miaka ya 1970, enzi ambazo ukisema bomba umesema chuma: chuma kilichopakwa zinki, kila kipande mita 6, kinachongwa meno mwishoni, kinazungushiwa katani na kukazwa kwa spana mbili na wanaume wawili. Mabomba hayo yalitumika kwa adabu miaka mingi. Baadaye maji ya mtaani yakawa ya mgawo, tukaingiza maji ya kisima, na visima vingi vya Dar es Salaam vina chumvi ya kutosha kuungia mchuzi. Chumvi ikala zinki, chuma kikabaki uchi, kutu ikajenga makazi humo ndani. Asubuhi ukifungua koki, maji ya kwanza yanatoka na rangi ya chai ya mkandaa.

Fundi alikata kipande cha bomba la jikoni akanipa nikione. Kwa nje kilikuwa bomba la heshima, tena limepakwa rangi ya ukuta. Kwa ndani kutu ilikuwa imejipanga tabaka juu ya tabaka, ya kahawia, yenye mabonge, na katikati kimebaki kitundu tu. Nilichomoa kalamu mfukoni nikajaribu kuipitisha. Ikakwama.

“Bosi wangu,” akasema fundi, huku akiipokea kalamu yangu na kuipachika sikioni kwake, “hii siyo ya kuzibaziba. Hii ni kubadilisha zote.”

Kalamu ile sijaiona tena. Naitaja kwa sababu nayo iingie kwenye hesabu.

Mafundi bomba hapa mjini hupiga bei ya kazi yao kwa pointi. Sinki la jikoni, pointi. Choo, pointi. Bafu, pointi, mkitaka na maji ya moto, ongeza nyingine. Fundi anatembea anahesabu, mimi niko nyuma yake natoa jasho. Tukafika uani, mama watoto akaonyesha kona tupu.

“Na hapa utuwekee pointi ya mashine ya kufulia.”

“Mama, kwani mashine ya kufulia tunayo?”

“Hatuna. Lakini siku ikija, utabomoa tena?”

Nikanyamaza. Mashine ambayo hatuna imeshaanza kula hela zetu.

Kila pointi nayo ina ukoo wake: elibo, tii, soketi, yunioni, koki ya kufungia. Elibo ya plastiki tupu haina maneno. Lakini pale bomba linapokutana na koki panatakiwa elibo yenye meno ya shaba ndani yake, na shaba haijawahi kuwa rafiki wa maskini. Bei inaruka mara kadhaa. Haya, na unene je? Bomba la PPR limeandikwa ubavuni PN16, PN20, na kuendelea. Namba ikipanda, bomba linanenepa na bei inafuata. La maji ya moto linataka lililonenepa. Nikauliza maji ya moto ya nini katika jiji ambalo saa nane mchana maji ya tenki yenyewe hayaogeki mpaka uyachote yapoe. Nikaambiwa mwezi wa saba nitakuja kushukuru. Tunaandika hivi mwezi wa saba umepita, na nimeoga ya tenki.

Fundi akaomba nusu ya hela ya ufundi kwanza. Akaniachia orodha ya vifaa nyuma ya karatasi ya mfuko wa saruji, kwa kalamu niliyoitambua: “PPR nusu – 14. Elibo – 20. Tii – 12. Elibo shaba – 9. Tepu. Mengineyo.” Nimenunua kila kitu. Vilivyoandikwa kwa idadi vilikuwa na mwisho. “Mengineyo” ndiyo yaliyonipeleka dukani mpaka muuzaji akaanza kuniita shemeji.

Ukuta nao ukaanza kudai haki yake. Mabomba ya zamani yamezikwa ukutani, na ramani hakuna. Aliyeyazika naye alishazikwa. Fundi anagonga ukuta kwa kidole, anatega sikio, anasema, “Lipo hapa.” Anapiga tindo, halipo. Anahamia pembeni, halipo. Mwisho akaniambia ukweli ambao kila fundi anaujua na kila mwenye nyumba anaucheleweshewa: hakuna haja ya kulitoa bomba la zamani. Unalifunga maji, unaliacha lilale humohumo, unapitisha jipya njia nyingine. Nikamuuliza basi hayo mashimo matatu ya sebuleni yalikuwa ya nini. Akasema ya kuhakikisha.

Njia ndiyo inayopanga bei, kuliko hata aina ya bomba. Ukipitisha chini, unavunja jamvi, na jamvi la wazee wale lilimwagwa na watu wasiojua kuiba saruji. Ukipitisha juu ya dari na kushuka nalo ukutani pale tu penye koki, unabomoa kidogo zaidi. Tukachagua dari. Mwenye ghorofa hana ujanja huo. Sakafu ya juu ndiyo dari ya chini, hivyo akigusa moja amegusa mbili. Na mwenye nyumba iliyohamwa ana nafuu kubwa kuliko sisi tunaoishi humohumo. Kwetu fundi alifanya chumba kimoja kimoja, kila jioni anarudisha maji japo kwenye koki moja, kila asubuhi anahamisha vitanda. Huo muda wote ni hela. Na usisahau watu wa kazi wanakula, na siku hiyo hamna maji ya kupikia, mnanunua ya madumu.

Kuunga PPR penyewe ni kazi ya dakika. Kuna mashine ya umeme yenye bapa la moto, inapashwa mpaka nyuzi 260 hivi. Unachomeka bomba upande huu na kiungio upande ule, unahesabu sekunde 5 kwa hili la milimita 20, unavichomoa na kuviunganisha, vinakuwa kitu kimoja. Ukipitiliza hesabu, plastiki inayeyuka inaziba tundu kwa ndani, na utakuwa umenunua bomba jipya lenye ugonjwa wa lile la zamani. Kwa hiyo nilisimama pale nahesabu kwa sauti. Fundi hakupenda. Mashine alikuwa amekodi kwa siku, na saa sita mchana luku ikakata. Nikakimbilia kununua umeme. Narudi, mashine imepoa, saidia fundi amelala juu ya mifuko ya saruji, na siku ya kukodi inahesabika vilevile.

Yote hayo ningeyasamehe. Ambalo sijalisamehe ni bafu.

Bafu letu lina marumaru za ukutani zenye maua madogo ya bluu. Fundi alizitoa marumaru chache kupitisha bomba, kwa uangalifu mkubwa, na zote zikavunjika. Nikabeba kipande nikazunguka nacho Sinza, nikavuka hadi Kariakoo. Kila duka wananitazama kwa huruma. Mzigo wa namna hii uliisha zamani, mzee. Kuna wa maua makubwa. Kuna usio na maua. Sasa huwezi kuziba ukuta wa bluu kwa marumaru zisizo na maua. Nilivyodhani unaweza, nilielezwa kwa kirefu. Ukabadilishwa ukuta mzima. Ukuta ulipong’aa, kuta nyingine zikaonekana chafu. Chumba cha pili kikapigwa lipu palipobomolewa, lipu ikataka rangi, rangi mpya ikagoma kufanana na ya zamani, tukapaka chumba kizima. Kifusi kikarundikana uani, ikaitwa kirikuu kukibeba, na mwenye kirikuu alipoona marumaru kwenye kifusi akapandisha bei, eti hii ni kazi ya watu wenye nafasi.

Nilipokaa kupiga hesabu za karatasi zote, mabomba na viungio vyake vyote havikufika hata robo. Robo tatu nzima ni ya kubomoa na kuficha. Na hili ndilo linalonikera: tulilipa zamani kuyafukia, tumelipa sasa kuyatafuta, na tumelipa tena kuyafukia, ili wajukuu nao wapate cha kubomoa. Bomba halikuomba kufichwa. Likipita nje ya ukuta na kubanwa kwa vibanio, likivuja utaliona, utaita fundi asubuhi na mchana mtaoga. Ushauri huu niliutoa mapema kabisa.

“Baba,” mama watoto akaniambia, “mgeni akiingia bafuni aone matumbo ya nyumba?”

Nikasema wageni wetu wengi wanaishia kibarazani.

“Wanaishia kibarazani kwa sababu ya hilo bafu.”

Tukafikia mwafaka. Jikoni mabomba yanapita nje ya ukuta chini ya meza. Uani yanapita nje, ila hayo ni ya poli nyeusi, maana PPR ikikaa juani miaka miwili mitatu inakauka na kupasuka. Bafuni yamefichwa. Ukiuliza ni nini kinapandisha gharama za kubadilisha mabomba, jibu langu ni moja: macho ya wageni.

Kwenye jambo moja nilikataa katakata. Fundi alikuwa ameshakoroga saruji ya kuziba ukuta wa bafu siku ileile aliyounga. Nikamwambia hapana, fungua maji, funga koki zote, tulale, tuone. Akanuna, akasema yeye ana uzoefu. Asubuhi nyuma ya sinki la kunawia palikuwa na unyevu chini ya kile kiungio cha shaba. Tepu ilizungushwa kinyume. Akakaza upya kwa dakika chache. Ungefichwa ule uvujaji, marumaru zisizo na maua zingetoka nazo, na mimi ningerudi Kariakoo.

Siku ya kukabidhi, fundi akafungua bafu kwa mbwembwe. Maji meupe, safi, yakateremka polepole. Tenki letu liko mita 3 juu ya bafu, na maji hayajui kubembelezwa: kila mita 10 za kimo ndizo zinazokupa presha ya takriban ba 1, kwa hiyo sisi tuna theluthi yake hata bomba liwe la dhahabu.

“Bosi wangu,” akasema, “bomba sasa ziko vizuri. Kilichobaki ni kapampu kadogo tu.”

Nikamwambia kapampu ni mengineyo, na mengineyo yamefungwa.

Kabla lipu haijapigwa nilikuwa nimepiga picha kila ukuta, futikamba ikiwa imenyooshwa kutoka sakafuni na kutoka kona, nikazituma kwenye grupu la familia ili zisipotee na simu. Wakanicheka. Juzi mama watoto kaja na kioo kipya cha bafuni, msumari na nyundo, akauliza apigilie wapi. Nikafungua picha, tukapima ukuta kwa ukuta. Juu ya sinki, bomba la baridi. Pembeni yake, la moto. Ukuta wa dirisha, linashuka kutoka darini. Mahali salama palikuwa pamoja tu, nyuma ya mlango. Kioo kipo huko sasa, na anayetaka kujitazama sharti kwanza ajifungie. Mama watoto anasema tumwite fundi aje ahamishe bomba kidogo. Mimi nasema watu wazoee.