Kahawa Darini

Doa lingali pale. Ukiingia sebuleni kwangu, inua macho kidogo juu ya picha ya harusi ya wazazi wetu, utaliona: la mviringo, rangi ya hudhurungi, mikia imetawanyika pande zote kama jua lililochorwa na mtoto wa shule ya awali. Ni kahawa. Ilifika huko Jumapili iliyopita, saa tisa na robo alasiri, mbele ya wajumbe saba wa ukoo wa kijana anayemtaka mdogo wangu, na iliporudi chini ilipitia kwenye shati jeupe la baba mkubwa wa kijana huyo.

Ningewapa bia, mambo yangeisha. Bukavu nzima inajua mgeni wa posa anapewa nini: kreti ya Primus, sambaza wa kukaanga na maneno matamu. Lakini mimi nilitaka waondoke wakijua kwamba msichana huyu ametoka kwa watu. Tulikuwa na babu. Babu mwenyewe alikuwa injinia. Injinia mwenyewe alikuwa Mwitaliano. Basi nikaishusha kafetiera yake kabatini.

Huyu babu tulimwita Nono. Kwa Kiitaliano ni babu tu, lakini mtaani walidhani ndilo jina lake, naye akaliitikia hadi siku alipokufa. Aliingia mjini ulipokuwa bado unaitwa Costermansville, kijana wa pampu na mabomba, na tangu hapo akawa mtu wa kugonga vitu. Kabla hajakusalimia aligonga ukuta wako kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, ndipo akauliza habari za watoto. Tarehe 3 Februari 2008, ardhi ilipotetemeka, alikuwa na miaka themanini hivi. Siku mbili nzima alipita nyumba kwa nyumba na kipande cha chaki, watoto nyuma yake wamembebea kiti, anagonga, anasikiliza, na palipomlilia vibaya anachora msalaba. Chini ya msalaba hakuna kulala. Kuna nyumba mtaani kwetu zimepakwa rangi mara tatu tangu siku hizo, na msalaba wameuzungushia brashi, haukuguswa.

Alizaliwa Omegna, kaskazini mwa Italia, kwenye ncha ya ziwa dogo la Orta. Maziwa ya jirani, alisema, hutoa maji yake kuelekea kusini kwenye tambarare, kama maziwa yenye adabu. La kwao peke yake hutoa maji kaskazini, milima iliko, kwa mto unaoitwa Nigoglia. Alipofika huku akaambiwa kwamba ziwa letu la Kivu nalo zamani lilitoa maji kaskazini, upande wa Nile, hadi volkano za Virunga zikaziba njia. Maji yakapanda, yakahangaika, yakapata pa kutokea kusini, ndio mto huu wa Ruzizi. Akaamua amefika nyumbani. “Ziwa yetu iko kichwa ngumu,” alisema, “na hii yenu vilevile.” Kiswahili chake kilikuwa kibovu, yaani kilikuwa kama chetu.

Kafetiera ni ya hukohuko kwao. Alfonso Bialetti aliileta duniani mwaka 1933, karakana yake ikiwa Crusinallo, pua na mdomo na Omegna. Ni ya alumini, ina pembe nane, na ubavuni imechorwa bwana mmoja wa sharubu aliyenyoosha kidole juu. Nono alikuwa na sharubu. Hadi nilipofika darasa la nne niliamini kwamba kiwanda kilimchora yeye, na hakuna mtu mzima hata mmoja aliyejisumbua kunirekebisha.

Sasa niwaeleze inavyofanya kazi, kwa sababu Jumapili niliwaeleza wageni na hawakusikiliza.

Ina vyumba viwili, kimoja juu ya kingine, vimefungana kwa hesi na raba katikati. Chini unatia maji. Katikati unaweka faneli yenye kikapu cha kahawa iliyosagwa, na mguu wa faneli unazama ndani ya maji karibu ufike sakafuni. Juu ni patupu, panasubiri. Watu wengi hudhani maji huchemka, yanakuwa mvuke, mvuke unapita kwenye kahawa. Sivyo, na Nono alikuwa akikasirika kabisa ukisema hivyo. Juu ya maji pamebaki hewa kidogo iliyofungiwa. Moto ukiwaka, hewa hiyo inavimba, mvuke unaongezeka humohumo, vyote viwili vinatafuta nafasi na nafasi hakuna. Basi vinayakalia maji. Maji yakikaliwa yataenda wapi? Kando ni ukuta, juu ni hewa yenyewe. Njia ni moja tu, mdomo wa faneli kule chini. Kwa hiyo maji, ili yapande, lazima kwanza yashuke. Yanaingia kwenye mguu wa faneli, yanapanda, yanapenya kahawa, yanatokea juu yakiwa meusi na yenye heshima. Maji yakikaribia kwisha, mdomo wa faneli unabaki wazi, mvuke unapita na kukoroma. Ukisikia mkoromo, ondoa motoni.

Kuna na jambo la mwinuko wa nchi. Bukavu tuko juu ya mita 1,450, hewa ni nyepesi, maji kwenye sufuria ya wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, hayangoji 100. Ndiyo maana maharagwe yetu hula makala mengi kuliko ya Uvira, iliyo karibu mita 700 chini yetu. Bibi yetu aliapa maisha yake yote kwamba tofauti ni kuni. Lakini ndani ya kafetiera iliyofungwa mwinuko wa nchi hauna amri tena. Humo maji yanatii kile kinachoyakalia.

Na kwa sababu humo kuna kitu kinachokalia kingine, pembeni mwa chumba cha chini pana tundu, na kwenye tundu pana vali ndogo ya shaba, mafundi wa hapa huiita supapu. Ndani yake kuna springi. Kahawa ikiziba njia ya juu, msukumo unaizidi nguvu springi, vali inafunguka, mvuke unatoka na kupiga mluzi, wewe unaogopa kidogo, unazima moto, maisha yanaendelea. Nono aliigusa kila asubuhi kwa ukucha, kuhakikisha inacheza, hata kabla ya kuvaa miwani.

Vali hii ilianza kuvuja. Kidogo tu, tone moja moja, lakini mimi kitu kinachovuja kinaninyima usingizi. Nikaipeleka Kadutu, kwa fundi mmoja wa kuziba masufuria, karibu na soko. Akaitazama, akaniuliza nataka nini. Nikamwambia: isivuje. Akachukua faranga 5,000, akawasha moto wake, akayeyusha risasi ya kulehemu na kuimwaga palepale, akaipangusa kwa kitambaa. Kazi safi. Mimi, mjukuu wa injinia, nikamsifu. Nadhani nilimpa na ya soda.

Jumapili nikaisaga kahawa kwa kinu hadi ikawa kama unga wa muhogo, kwa kudhani kwamba laini ndiyo bora. Nikaishindilia kwenye kikapu kwa mgongo wa kijiko. Nikafunga hesi kwa nguvu zangu zote. Kwa maneno mengine, niliziba juu, nikaziba kando, nikaweka moto chini.

Moto wa makala, kwenye mbabula, palepale sebuleni, madirisha wazi. Umeme haukuwepo. Na Ruzizi, inayotoa umeme wetu, inaanzia hapahapa mjini. Kabla haijafika ziwa Tanganyika inaporomoka karibu mita 700, na Nono alikuwa akiyatazama maji yale kama mtu anayetazama noti zikipeperuka. Bwawa la kwanza liko kilomita chache tu kutoka mlango wa ziwa, linatoa umeme tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. La pili, la mwaka 1989, tunagawana na Rwanda na Burundi. Waya unapita juu ya bati langu. Nguzo tuliisimika wenyewe, kwa michango ya mtaa. Umeme hutufikia saa saba usiku, unakaa saa mbili, na mtaa mzima unaamka kupiga pasi. Ukipita nje wakati huo utadhani kuna msiba. Wakati wote mwingine tunapikia makala, na makala mengi tunajua yametoka msitu gani, ule ule wenye sokwe ambao watalii wamelipa dola kwenda kuuona. Faktire ya umeme lakini haijawahi kupotea njia. Inafika mwisho wa mwezi, mchana kweupe.

Nimewalaani wenye umeme miaka mingi, na ninayo haki. Siku moja nikaenda kulitazama bwawa lenyewe. Maji sikuyaona. Niliona chupa za plastiki, zimesongamana mbele ya ukuta hadi ndege wanatembea juu yake kama kwenye uwanja. Mvua ikinyesha kwenye vilima vyetu, kila tulichotupa mferejini kinashuka ziwani, ziwa linakisukuma kwenye mlango wake, na bwawa ndilo linalokipokea. Nyingine huzama, zinaziba njia ya maji kwenye turbini, mashine inazimwa, watu wanaingia kuzitoa. Nilisimama pale muda mrefu. Chupa moja nilidhani naitambua.

Turudi sebuleni. Wageni wameketi. Baba mkubwa amekalishwa na vijana wawili kwa sababu ya goti. Kafetiera iko motoni, kimya. Kimya hicho kilipaswa kunishtua, lakini niliona ni nafasi ya kuwapa historia. Nikawaambia kwamba Renato, mtoto wa Alfonso, alipofariki mwaka 2016, majivu yake yaliwekwa ndani ya kafetiera kubwa ya umbo hili hili. Shangazi mmoja akasogeza kiti chake nyuma. Baba mkubwa akaniuliza kwa upole: “Na hii yenu, mwanangu, ilikuwa na mtu?”

Sikupata kujibu. Raba ilikubali kwanza, halafu hesi. Chumba cha juu kikaenda darini, mbabula ikatema majivu, na mlio ulikuwa mkubwa kuliko chombo chenyewe.

Mlio wa namna ile Bukavu hatuuulizi mara mbili. Vita vilituingilia mjini Oktoba 1996, Agosti 1998, Juni 2004, Februari 2025: miili yetu ilishasoma. Kafetiera haijatua chini, watu wote saba walikuwa wamelala kifudifudi, nyuso zimegeuka mbali na madirisha, mikono juu ya visogo. Baba mkubwa na goti lake alikuwa wa kwanza. Mama yangu alikuwa ameshamkumbatia mtoto mmoja chini ya meza. Baadaye tuligundua ni wa jirani, alikuja kuomba chumvi. Mdogo wangu, bibi harusi mtarajiwa, alikuwa ameufunga mlango kwa ndani. Hakuna aliyepiga kelele. Hakuna aliyemkanyaga mwenzake. Kama ukoo ungepimwa kwa jinsi unavyolala chini, posa ingemalizika palepale.

Tukakaa hivyo. Matone ya kahawa yakaanza kushuka kutoka darini, moja moja. Kisha sauti ya baba mkubwa, kutoka sakafuni, ndogo sana:

“Ni wao?”

“Hapana, papa. Ni kahawa.”

Kukawa kimya tena, kirefu kuliko cha kwanza. Hakuna aliyeungua, Mungu mkubwa, dari ilikuwa imeipoza. Shangazi ndiye aliyeanza kucheka, akiwa bado kifudifudi, mabega yanatikisika, nami kwa dakika nzima sikuweza kujua kama anacheka au analia, na sidhani yeye alijua. Kumnyanyua baba mkubwa kulihitaji watu wanne. Goti lililokubali kushuka halikukubali kupanda. Alipokwisha kukaa akalitazama shati lake, akainusa kola.

“Hii kahawa ni ya wapi?”

“Ya Kalehe, papa.”

“Ya Kalehe naijua. Haina tabia hii.”

Nikatuma kijana akalete Primus. Kwenye mazungumzo ya mahari ng'ombe mmoja alipungua. Hawakusema ni wa nini, lakini wote tulilitazama shati.

Vitu vingine vya Nono bado ninavyo, na vyote vimeshaniaibisha kwa zamu. Pima maji yake niliitumia kutundikia rafu: rafu imenyooka, ndipo tukajua nyumba imeinama. Spana yake ya mabomba ilikata bomba la mtaa, lakini hilo lilipita bila maneno, ilikuwa ile wiki ambayo maji hayakuwepo hata hivyo.

Jumatatu nilikusanya vipande kwenye mfuko, nikarudi Kadutu. Sikwenda kudai, nilitaka tu fundi aone. Akavimimina mezani, akakitafuta chumba cha chini, akakigeuzageuza juani. Kilikuwa kimevimba ubavu, hesi zimelika, bwana wa sharubu hayumo, yeye alibaki na kipande cha juu. Fundi akapitisha kidole kwenye ile vali, taratibu, akapuliza vumbi, akapuliza tena kutoka ndani kwa mdomo wake, akasikiliza.

“Unaona?” akaniambia. “Haivuji.”