Jinsi ya Kuchechemea Maisha Yako Yote kwa Mguu Ulioteguka Mara Moja

Umeteguka kifundo cha mguu kwenye bonanza la maveterani. Hongera! Wenzako huhitaji ajali ya bodaboda kufika hapo. Wewe umefika kwa kuufukuzia mpira peke yako, bila hata kuguswa. Tusiiharibu bahati hii. Fuata hatua hizi, na usimwambie mkeo, atakupeleka hospitali.

Kwanza, maliza mechi. Kutolewa nje ni mambo ya wachezaji wanaolipwa mishahara. Inuka, jikung'ute vumbi, sema "iko poa", kisha nenda kapige kona. Kano za upande wa nje wa kifundo zimechanika nusu tu, na kazi ya nusu haikupi sifa.

Pili, usipimwe. Hapa tuelewane vizuri, maana ndipo wengi hunaswa. Mwaka 1992 madaktari wa Ottawa, Kanada, walichapisha kanuni nyepesi ya kuamua nani apigwe eksirei. Unabonyeza mifupa miwili inayochomoza pande za kifundo, hasa kwa nyuma na kwenye ncha. Unabonyeza pia mfupa wa ukingo wa nje katikati ya unyayo, na ule wa ndani juu ya upinde. Mfupa wenyewe ukiuma, au ukishindwa kutembea hatua 4 pale ulipoumia na hata ukifika kwa daktari, unatakiwa kupigwa picha. Umeona hatari yake? Hatua 4! Mtu anaweza kujigundua mwenyewe akienda chooni. Kwa hiyo usibonyeze chochote wala usihesabu. Rukaruka kwa mguu mzima, shika ukuta, ukiulizwa sema ni ganzi.

Tatu, mwite mzee wa kukanda. Aje usiku uleule, mguu ukiwa bado unafura, na sufuria la maji ya moto yenye chumvi. Barafu waachie wauza soda. Joto na kukandwa katika siku za mwanzo huongeza uvimbe, na uvimbe ndio utakaokuletea wageni. Ukipiga yowe, mzee atasema mfupa unarudi mahali pake. Kama kweli umevunjika, mikono yake inaweza kuusogeza, na kilichohitaji hogo tu kikaanza kuhitaji vyuma na skrubu. Supu ya makongoro kunywa. Haiungi mfupa, lakini ni tamu.

Ukishindwa ukafungwa hogo, bado una nafasi. Oga nalo. Likiwasha, chokonoa ndani kwa spoku ya baiskeli. Vidole vikiwa baridi, vikibadilika rangi na kufa ganzi, usirudi hospitali usiku huohuo. Jisifu kwamba limebana vizuri.

Mwenye kisukari ambaye nyayo zake zimeshapoteza hisia ana njia fupi kuliko zote: atembelee mguu uliovimba, mwekundu, wenye joto, kwa sababu "hauumi". Mifupa yake inaweza kusagika kimyakimya hadi unyayo ubinuke. Hapo hata mimi natania kwa shida.

Mwisho, wakimbie watu wa fiziotherapia. Maumivu yakishapungua watakuambia usimame kwa mguu ulioumia huku unapiga mswaki, asubuhi na usiku, kwa wiki kadhaa. Mazoezi ya namna hiyo huurudishia mguu uwezo wa kujimudu na hupunguza uwezekano wa kuteguka tena, yaani yanabomoa kila tulichojenga. Tena hayana mashine, hayana sindano, hayana hata picha ya kuweka status. Mtu wa hadhi yako ataponywaje na mswaki? Vuta kigoda, upige mswaki umekaa.