Punda Mzee wa Chang'ombe: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

YAH: OMBI LA KUMSTAAFISHA PUNDA KWA MUJIBU WA SHERIA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mheshimiwa, barua hii inatoka Kata ya Chang'ombe, jijini Dodoma, nayo inamhusu mtumishi ambaye hajawahi kugoma, hajawahi kudai posho ya mazingira magumu, na huwa kazini kutwa nzima bila kusaini daftari la mahudhurio. Mtumishi huyo ni punda mzee. Nikisema mzee simaanishi umri wa kwenye makaratasi, maana makaratasi hana. Namaanisha punda aliyevimba magoti, ambaye kwato zake zimerefuka zikapinda kwa mbele kwa kukosa mtu wa kuzichonga, na mgongoni ana kidonda kilichokauka juu kikabaki kibichi chini, pale pale mzigo ulipokuwa ukikaa. Akipata nyasi huzitafuna kwa muda mrefu, halafu huzitema zikiwa kibonge chenye mate, kwa sababu magego yamechongoka na hayasagi tena; anaweza kufa njaa akiwa amesimama katikati ya majani. Huyo ndiye anayefunguliwa kamba alfajiri na jioni asiende mtu kumtafuta. Kuanzia siku hiyo ni punda wa mtaani. Mwenye mali anafahamika kwa majirani wote wa kulia na wa kushoto, ila kwa Serikali hajulikani.

Kabla ya ombi, itifaki inataka pongezi, nami sina choyo nazo. Bunge lilipitisha Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya mwaka 2008, inayomtaka mwenye mnyama amlishe, amnyweshe, ampe malazi na amtibu, na ikaweka wakaguzi pamoja na baraza la ushauri. Ni sheria nzuri, na imetunzwa kabatini vizuri kuliko mnyama yeyote inayemtetea. Kisha ikaja biashara ya ngozi. Watengenezaji wa ejiao, dawa ya asili ya Kichina inayopikwa kwa ngozi ya punda, walipoona punda wa kwao wanapungua waligeukia Afrika, na sisi tukapata viwanda vya kuchinja punda, kimoja hapa hapa Dodoma na kingine Shinyanga. Serikali ikaja kutangaza marufuku ya miaka kumi ya uchinjaji huo, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, katika mkutano wao wa 37 mjini Addis Ababa, wakapiga marufuku biashara hiyo ya ngozi bara zima. Hongereni sana. Tulipiga makofi.

Marufuku hiyo ilikuwa ya haki, ila ilifanya nusu ya kazi. Enzi za viwanda punda mzee alikuwa na bei, na mnyama aliyezurura wiki nzima bila mwenyewe alipata wenyewe wawili siku mnunuzi alipopita mtaani, kila mmoja na shahidi wake. Kisu kilipoondolewa, bei ikaondoka nacho, na bei ilipoondoka akaondoka mwenye mali. Tulizuia punda asichinjwe bila kuuliza ni nani atakayemlisha akishindwa kazi. Ndiyo maana ombi langu halihusu kulegeza marufuku hata kidogo. Linahusu ile nusu ya pili iliyosahaulika mezani.

Na tusiwe wepesi wa kumsuta mwenye punda peke yake, Mheshimiwa, kwa kuwa alichofanya amekiona kwa wakubwa. Nchi hii ina Bodi ya Nyama na ina Bodi ya Maziwa. Mnyama anayetoa nyama ana bodi, anayetoa maziwa ana bodi, anayetoa safari hana hata kamati ndogo. Punda wetu, kwa takwimu za Wizara yako, ni zaidi ya 650,000, lakini kinachotoka kwao hakiingii kwenye mizani ya bucha wala kwenye tanki la kiwanda cha maziwa, hivyo hakiandikwi popote. Kuna mara moja tu punda alikumbukwa kwa ukamilifu. Mwaka 2021 zilipokuja hereni za kielektroniki, bei yake ilikuwa sawa na ya ng'ombe, shilingi 1,750 kwa kila sikio. Usawa ulioje! Kisha Juni 2025 ikazinduliwa kule Bariadi kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo: ng'ombe na homa ya mapafu, mbuzi na kondoo na sotoka, hata kuku wa kienyeji na kideri chao. Punda hakuwamo kwenye orodha ya sindano. Sikio lake linafahamika wakati wa kulipia na ubavu wake haufahamiki wakati wa kutibu. Mwananchi anayemtumia punda hadi anachoka kisha akasahau kwamba aliwahi kuwa wake, anafuata tu mwongozo ambao haujachapishwa kwenye Gazeti la Serikali.

Wapo watakaosema kwamba punda ni habari ya vijijini, na Dodoma ni jiji tangu 2018, lina barabara za lami na treni ya umeme, kwa hiyo suala hili litajimaliza lenyewe. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama maji yangekuwa yanapanda treni. Nyanda hizi za kati ni kame, mvua ni ya msimu mmoja, na mahali bomba linapotoa maji kwa zamu au halijafika kabisa, kinachofika ni dumu. Madumu manne ya lita ishirini ni kilo themanini kabla hujahesabu kamba na fremu, na wataalamu wanashauri punda asibebeshwe mgongoni zaidi ya theluthi ya uzito wake, ambayo kwa punda wetu wa kawaida ni kama kilo hamsini. Mchana akitoka kwenye maji anafungwa mkokoteni wa matofali na mchanga, maana nyumba za mtaani nazo zinajengwa. Hadi Bwawa la Farkwa, tunalolisubiri kwa ajili ya maji ya jiji, litakapokamilika, naomba punda ahesabiwe kuwa tawi dogo la mamlaka ya maji.

Na utegemezi huu kwa punda si jambo la jana. Henry Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone alikuwa na farasi wawili wazuri. Walikufa siku chache tu baada ya safari kuanza, hata Mpwapwa hawakuiona. Ndorobo na maradhi ya farasi ndivyo vilivyotunyima farasi katika njia hizi. Punda nao walikufa wengi kwenye misafara ile, ila mnyama wa mzigo aliyeweza kuishi, kuzaa na kufanya kazi Ugogo hadi leo ni yeye. Mpwapwa hiyo hiyo tangu enzi za Wajerumani imekuwa kitovu cha elimu ya mifugo, na kuna aina ya ng'ombe inayoitwa kwa jina la mji huo. Punda wa Mpwapwa bado anasubiri andiko la mradi.

Hoja ya pili ni ya watu wa hesabu: rudisheni machinjio, punda mzee apate bei, mwenye mali atamtunza apate kumuuza akiwa na kilo. Inavutia, ila Kenya walishatufanyia jaribio hili kwa gharama zao. Kuanzia 2016 walifungua viwanda vinne. Matokeo yake hayakuwa mwenye punda kumpenda punda wake. Yalikuwa wizi wa usiku, mama wa kijijini akiamka na kukuta kamba imekatwa na maji sasa anabeba mwenyewe kichwani. Sensa ya 2009 ilikuta punda milioni 1.8, ya 2019 ikakuta takriban milioni 1.2. Watafiti wao wa mifugo walionya mwaka huo huo kwamba punda wanachinjwa kwa asilimia 5.1 kwa mwaka huku wakiongezeka kwa asilimia moja na kidogo tu, na si ajabu, kwa maana punda jike hubeba mimba takriban mwaka mzima na huzaa mtoto mmoja. Waziri wao akasimamisha uchinjaji Februari 2020. Tena mnunuzi wa ngozi hamfuati mzee peke yake. Anachukua jike mwenye mimba, anachukua mwenye miaka mitatu. Soko hilo halikumpa punda mzee matunzo hata lilipokuwa wazi.

Hoja ya tatu ni nzito zaidi, nami siikwepi. Wazee binadamu wana shida, iweje uzungumzie wanyama? Zanzibar ilianza kulipa pensheni ya jamii kwa kila mwenye miaka 70 mwezi Aprili 2016. Bara tuna Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, na mzee wa Bara hadi leo anaila hiyo sera. Waliokuwa watumishi nao bado wanabishana na kikokotoo cha mafao. Basi naomba nieleweke: siombi hata senti moja kutoka Hazina kwa ajili ya punda. Mzee wa kijijini hakuwa mali ya mtu, ndiyo maana deni lake linaiangukia jamii nzima. Punda alikuwa na bwana mmoja anayejulikana kwa jina, aliyekula jasho lake miaka kumi au kumi na mitano, na deni linabaki kwa bwana huyo. Serikali inachodaiwa ni kumtambua tu mdaiwa. Kazi hiyo inafanyika kila siku kwa wenye bodaboda.

Watasema tena kwamba bwana huyo naye ni maskini. Ni kweli, na ndiyo maana uzembe unamgharimu. Punda anayetunzwa anaweza kuvuka miaka thelathini. Anayefanyishwa kazi kwa fimbo na mzigo wa kupitiliza anaishi nusu ya hapo. Anayekatiza maisha ya mnyama wake kwa kumzidishia madumu mawili anajinyang'anya miaka kadhaa ya kipato, na hapo sijagusa huruma. Mahitaji ya uzeeni hayafanani na ya hoteli: maji ya kutosha, pumba iliyoloweshwa kwa yule asiyeweza kutafuna, mabua ya mtama na mahindi ambayo baada ya mavuno yanachomwa bure, kivuli, na mtu wa kuchonga kwato na kusawazisha meno mara chache kwa mwaka. Kule Lamu hospitali ya punda ilianza 1987, inatibu bila malipo, na Lamu ni kisiwa chenye wabeba mizigo maskini kama sisi. Na pale ambapo tiba haiwezekani tena, sheria isimfanye daktari wa mifugo aogope. Kuzuia machinjio ya ngozi hakumaanishi kwamba punda aliyevunjika mguu lazima amalizike kwa wiki mbili mtaroni ili takwimu za marufuku zibaki safi.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, kwa unyenyekevu mkubwa naomba ile hereni ya shilingi 1,750 ifanye kazi iliyolipiwa. Iandikwe jina la mwenye punda siku anaponunuliwa na lisifutike hadi siku anapokufa au kuuzwa kwa maandishi, ili mkaguzi akikuta kidonda mtaani ajue aende mlango upi. Sheria ya 2010 ya utambuzi, usajili na ufuatiliaji wa mifugo ipo tayari, haihitaji semina elekezi. Mwaka 1822 Waingereza walipopitisha sheria yao ya kwanza ya kuzuia ukatili kwa mifugo, kwa juhudi za mbunge Richard Martin, inasimuliwa kwamba mahakama ilikuwa ikicheka kesi ya punda aliyepigwa na mchuuzi, hadi Martin akaagiza mhusika aletwe mbele ya hakimu. Vidonda vikatoa ushahidi na mchuuzi akalipa faini. Ofisi ya kata yetu ina mlango mpana wa kutosha.

Ikishindikana kabisa, nina pendekezo mbadala lisilohitaji bajeti. Tununue rangi nyeusi na nyeupe, tumchore punda mzee milia kuanzia shingoni hadi mkiani. Hapo atahama Wizara yako bila barua ya uhamisho na kuangukia Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Atapata askari wenye bunduki, atapata watalii wa kumpiga picha, na yeyote atakayemgusa kwa fimbo atajieleza mahakamani. Ni mwili ule ule, masikio yale yale, na nchi ile ile. Nakiri kwamba mvua ya kwanza ya Desemba itaharibu mpango huu, lakini hadi hapo mnyama atakuwa amepata miezi kadhaa ya heshima, nayo ni mingi kuliko anayopata sasa.

Nakutakia utekelezaji mwema.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mkazi wa Chang'ombe, Dodoma.

Nakala: Mkurugenzi wa Jiji la Dodoma, Mtendaji wa Kata ya Chang'ombe, pamoja na ombi kwamba barua hii isomwe kikaoni kabla wajumbe hawajachoka, na isisukumwe kwenye "Mengineyo".