Valizi ya Jangwa, Usiku wa Sake

Sisi wafanyabiashara wa Birere, hapa Goma, Dubai tunaijua kwa njia moja: uwanja wa ndege, Deira, maghala ya nguo na viatu, kisha uwanja wa ndege tena. Miaka yote niliyofuata mzigo huko, bahari niliiona kupitia dirisha la teksi tu, na jangwa sikuliona kabisa. Siku ya ziada ni pesa ya hoteli, na pesa ya hoteli ni viatu ambavyo havitafika butikini. Ndiyo maana mwaka 2021, zamu yangu ya kupokea pesa za likelemba, mchango wetu wa kupokezana, ilipofika, nilimwambia Baba Neema: safari hii twende sote na mtoto. Mzigo upewe siku tatu, na siku mbili ziwe zetu.

Siku mbili hizo zilileta vita nyumbani. Baba Neema alitaka Lahbab, kwenye matuta ya mchanga mwekundu njiani kuelekea Hatta; alisema mtu aliyezaliwa juu ya makoro, mawe ya lava, ya Goma anastahili kukanyaga ardhi laini walau mara moja. Neema alitaka kuogelea Fujairah, ng'ambo ya milima, kwenye Ghuba ya Oman, na ufukwe wa Jumeirah, palepale Dubai, hakutaka hata kuusikia. Koko, mama mkwe wangu, hakuwa msafiri, lakini neno alikuwa nalo.

"Mwezi wa tano jua la kule litawachoma. Muende mwezi wa kwanza."

Alisema kweli. Mwisho wa Mei joto la Dubai hukaribia nyuzi 40, na sisi tunaoishi karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari hulala na blanketi mwaka mzima. Lakini tiketi za kupitia Addis Ababa zilikuwa zimelipwa.

Kisha habari ikatoka nje ya ua. Huyu akaja na dola za gauni la harusi, yule za simu, jirani wa ukuta kwa ukuta za wigi. Niliwarudishia wote. Kukataa kulinichosha kuliko kutafuta visa, maana kwetu mwenye kusafiri ni mali ya mtaa mzima. Lakini mwanamke anayelisha nyumba kwa kubeba mizigo ana haki ya kusimama mahali siku mbili na kutazama tu. Hilo nililishikilia na bado nalishikilia.

Tukafunga valizi moja kubwa: kofia za ukindu, nguo nyepesi za pamba, malapa, taulo, mafuta ya kuzuia jua, na pasipoti na karti za chanjo ya homa ya manjano katika mfuko wa ndani.

Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei, mbingu ya kaskazini ikawa nyekundu. Koko hakuuliza kitu. Alikuwa ameshuhudia Januari 2002, lava ya volkano ya Nyiragongo ilipopita katikati ya mji na kuingia ziwani. Akachukua radio yake na sufuria, akaketi mlangoni na viatu miguuni. Safari hii lava ilisimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege, na ndege zikakatika. Ardhi ikaendelea kutetemeka mchana na usiku hadi ukuta wa sebule ukapasuka. Tarehe 27 gavana akaamuru mitaa kumi kati ya kumi na minane ihamishwe, Mabanga yetu ikiwemo. Wataalamu walihofia moto ulio chini ya mji na chini ya ziwa, ziwa lenyewe likiwa limebeba gesi nyingi kilindini.

Hapakuwa na muda wa kuchagua vitu. Valizi ilikuwa tayari na hati zote zilikuwa ndani, basi ikapakiwa kwenye chukudu, kile chombo chetu cha mbao cha kusukuma mizigo, pamoja na bidoni la maji, tukaingia katika msafara wa kuelekea mji wa Sake.

Usiku, katika darasa lililojaa watu, tuliifungua. Hapakuwa na sweta, wala shuka, wala soksi. Neema alivaa magauni matatu, moja juu ya jingine. Koko tulimzungushia taulo za ufukweni, na bado meno yake yaligongana. Yule jirani wa wigi alikuwa pembeni yetu. Alifungua furushi lake, akatoa vikwembe viwili, akamfunika Koko kwa mikono yake mwenyewe. Juu ya wigi hakusema lolote. Asubuhi niligawa kofia kwa watoto waliopanga mstari wa maji juani. Huo ndio msaada pekee valizi ile iliotoa.

Tuliporudi mwezi wa Juni, Emirati zilikuwa zimefunga mlango kwa abiria wanaotoka Kongo, kuanzia tarehe 11, kwa sababu ya korona. Baba Neema akataka pesa yote iliyobaki iingie kwenye ukuta. Tulibishana hadi taa ikazimwa. Mwisho nusu ikaenda kwa fundi, na nusu nikaifungia kwenye sanduku langu.

Tukaketi kupanga upya, na mara hii Koko ndiye aliyeongoza kikao. Mwezi wa kwanza, akasema, na safari hii hakupingwa. Lahbab siku ya kwanza, Fujairah siku ya pili, Deira baadaye. Kutoka mtaani nilipokea agizo moja tu, la wigi, nikaliandika kwenye siku za mzigo.